Tunafagia mtaa bure, na wanaolipwa wameacha kuja

BARUA

Assalam aleikum Somo,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Amu, yaani mji wa Lamu, kwetu ni mtaa wa Langoni. Nilisoma mambo ya hoteli, nikapata kazi ya msimu Shela, wageni walipopungua tukaambiwa tutaitwa. Hadi leo sijaitwa. Alfajiri namsaidia mamangu kukaanga mahamri, jioni nauza viazi karai mlangoni. Babangu ni marehemu; anayetuangalia ni ami yangu.

Kikundi chetu kilianza kwa sababu ya punda. Ami alikuwa na punda wa kubebea mchanga na mawe ya ujenzi. Akaacha kula, tumbo likafura, akafa. Walipompasua, tumboni mlikuwa na donge la mifuko na kamba za plastiki, kubwa kama kichwa cha mtoto, limeshikana hata kisu hakipiti. Nililiona kwa macho yangu. Jumamosi ile ile nikatoka na binamu yangu na vijana wanne wa mtaa, tukafagia kutoka kwetu hadi pwani. Hatukuwa na jina wala mwenyekiti. Tulikuwa na fagio za chelewa za majumbani na karai moja.

Sasa ni mwaka wa pili. Kwenye WhatsApp tuko zaidi ya arobaini, lakini Jumamosi wanaotokea ni wanane, wakizidi ni kumi. Na mambo yameanza kuniharibikia, Somo. Nitakueleza yote, unisamehe nikirefusha.

La kwanza, wale wanaolipwa kusafisha mtaa wetu wameacha kuja. Zamani walipita na punda na shogi zao, si kila siku, lakini walipita. Siku hizi wanaishia njia kuu. Nilimsimamisha mmoja nikamuuliza, akacheka: "Si nyinyi mpo?" Na majirani nao ni hivyo hivyo. Ijumaa usiku mtu anamwaga taka zake mtaroni makusudi, kwa kuwa kesho vijana watapita. Mama mmoja alinipigia simu Jumanne kunikaripia, ati mlangoni kwake kunanuka, na sisi tuko wapi.

La pili, kuna bwana anayekitaka kiti cha mwakilishi wadi. Alituita nyumbani kwake, akatukirimu vizuri, biriani na juisi ya ukwaju. Anataka kutupa fulana zenye picha yake, toroli mbili na shilingi elfu thelathini. Tulipokuwa tunaondoka akasema, "Nyinyi ni vijana wangu." Mimi sikulipenda neno hilo. Wenzangu wamefurahi. Mmoja aliniambia mbele za watu, "Wewe una mahamri ya mamako, sisi tunakula nini? Harufu?" Nilikosa la kusema.

La tatu, mgeni mmoja alitupiga picha tukiokota chupa pwani, akampa mwenzetu dola. Ni kiasi gani, hatujui. Aliyepewa anasema alipewa yeye. Tangu siku hiyo watu wanaangaliana kwa pembe ya jicho.

La mwisho ni nyumbani. Mama anasema taka za watu zimenila ujana. Ami anasema watu wa barazani wanazungumza, ati mtoto wa kike anawaamrisha wanaume pwani, na kwamba kuna watu walikuja kuulizia habari zangu wakarudi nyuma. Sijui ni kweli au ananitisha.

Nikubali fulana ili kikundi kisivunjike? Au niache, niangalie maisha yangu? Nikiacha najua hakuna atakayeendelea, na hilo ndilo linaloniuma.

Binti wa Langoni

JIBU LA SOMO

Wa aleikum salaam mwanangu, marahaba.

Najua unangoja niseme la fulana. Litakuja. Nataka kwanza tuliangalie neno la yule mfagiaji, maana wewe umelipita haraka na mimi limenikaa: "Si nyinyi mpo?" Mtu ana kazi, ana malipo ya kazi hiyo, na kila Jumamosi watoto wa watu wanamfanyia bure. Majirani nao wameshajipangia: Ijumaa usiku ni siku ya kumwaga. Mlianza kwa kumhurumia punda, sasa mmekuwa vibarua wa mtaa mzima, na mwenye kuwatuma anawapigia simu Jumanne kuwagombeza. Hakuna kijana atakayedumu hapo. Wale thelathini na kitu wanaobaki kwenye WhatsApp si wavivu wote. Wengine wamepiga hesabu mapema kuliko wewe.

Hukuniambia watu hao wameajiriwa moja kwa moja au ni wa tenda. Lichunguze hilo. Vyovyote iwavyo, kuzoa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu ni kazi ya serikali ya kaunti. Imeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, na Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kwa hiyo ukienda kwa msimamizi wa wadi huendi kuomba hisani. Unakwenda kuuliza kazi ya watu imefika wapi.

Nenda na barua ya ukurasa mmoja. Usiandike "tunaomba msaada", maneno hayo yatakurudisha nyumbani na ahadi ya fagio sita. Andika mtaa unaanzia wapi na unaishia wapi, tangu lini haupitiwi, kisha omba kuonyeshwa ratiba na makubaliano ya kazi: ni mitaa ipi imo, mara ngapi kwa wiki, na nani anasimamia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamtaka afisa aamue ombi la namna hiyo ndani ya siku 21. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Ambatanisha picha. Picha zipigwe mahali pale pale, kona ile ile, mtaro ule ule, wiki baada ya wiki, kila moja na tarehe yake. Picha moja ya uchafu mtu atasema ni siku hiyo tu. Picha za kona moja kwa miezi miwili hana la kusema.

Halafu, na hapa utaniona mkatili, acheni kufagia njia hiyo. Msiache kimyakimya kwa kununa. Wiki moja kabla piteni nyumba kwa nyumba mkaseme: kuanzia tarehe fulani hatutafagia njia hii, kuna wanaolipwa, barua tumepeleka, nakala hii hapa, na namba ya ofisi ni hii. Uchafu utalundikana. Yule mama wa Jumanne atapiga simu na utamsikiliza, kisha utampa namba ile ile. Watakusema wiki mbili. Lakini ofisi ikipigiwa simu na kina mama kumi walioudhika, jambo litakwenda kwa kasi ambayo barua yako peke yake haina. Mtaro tu ndio nakuambia usiuache, hasa masika yakikaribia. Maji machafu ya mwezi wa tano yakiingia majumbani wanaougua ni watoto, na watoto hawakusaini tenda na mtu.

Kuna watakaokwambia mambo ya barua na mihuri ni ya watu wa Nairobi. Waulize habari za Kwasasi. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ulikuwa ujengwe pale, na leseni ya mazingira ilishatolewa mwaka 2016. Watu wa Lamu, wavuvi, kina mama, vijana wa umri wako, walipinga kwa miaka. Waliandamana, waliimba, walivaa fulana (zao wenyewe, si zenye sura ya mtu). Ila baraza la mazingira lilipoifuta leseni hiyo Juni 2019, hoja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi ilisimama juu ya nani aliitwa mkutanoni, lini, na aliambiwa nini. Mambo ya kumbukumbu hayo, mwanangu. Mtu aliyekaa akaandika.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mikutano: makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, mwaka wa fedha ukaanza tarehe 1 Julai, na wananchi lazima washirikishwe kabla ya fedha kupitishwa. Nimehudhuria vikao vya aina hiyo. Mbele wanakaa wazee na watu wanaotaka vyeo; vijana wanakaa nyuma karibu na mlango, wakisha kupata soda wanatoka. Nendeni watano, mkae safu ya mbele, muulize swali moja: kuzoa taka katika wadi yetu kumetengewa kiasi gani, na mwaka jana kilitumika vipi? Swali moja tu, mkiuliza kumi mtajibiwa lile jepesi.

Sasa utaniuliza, tukiacha kufagia, kikundi kifanye nini? Ndipo pale ninapotaka uone kitu ambacho ami yako na watu wake wa barazani hawakioni. Uchafu hautoki barazani. Unatoka jikoni. Wewe umeliona lile donge tumboni mwa punda. Je, umejiuliza kwa nini punda ameze mfuko? Punda hapendi plastiki. Mtu amekusanya mabaki ya wali na mchuzi, maganda ya ndizi, ngozi ya embe, akatia mfukoni, akafunga fundo, akatupa nje. Punda ananusa chakula, hana mikono ya kufungua fundo, anakula na mfuko wake. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini karatasi za mkate, mifuko miepesi inayopenyezwa madukani na magunia yaliyochanika bado yapo, na fundo ni lile lile. Mkifagia Jumamosi, punda ameshakula tangu Jumapili.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kumfanya mwenye nyumba atenge vyombo viwili: maganda na mabaki yawe wazi kwenye ndoo, bila mfuko, na plastiki iwe mbali. Hata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe huko huko zinakotoka. Na nani ataingia jikoni mwa watu wa Amu kulisema hilo? Vijana wako wa kiume wataishia dakani, wapige hodi, waambiwe "mwenyewe hayupo". Mheshimiwa na toroli zake ataishia hapo hapo. Wewe utakaribishwa ndani, utakaa na mama mtu akichambua mchele, utaiona ndoo yake ilipo na utajua kwa nini anafunga fundo. Pengine anaogopa inzi, pengine paka wa jirani. Utamwambia afunike kwa sinia. Shughuli za harusi na maulidi ya wanawake ndiyo mikutano yako, na huko hakuna mwanamume atakayelalamika kuwa umemwamrisha. Wanaosema mtoto wa kike hawezi kuongoza jambo hili wamelielewa kinyume. Ni jambo ambalo bila mtoto wa kike haliwezi kufika popote.

Anza na nyumba chache za uchochoro mmoja. Usiende mtaa mzima, utachoka na hutaona tofauti. Waambie wenye mbuzi na punda wapite kuchukua yale maganda, maana ni chakula cha bure. Kile kituo cha kutibu punda kipo mjini tangu 1987, na wanayajua matumbo ya punda wa Amu kuliko sisi sote. Waombe mtu wao mmoja aje siku moja azungumze na kina mama. Chupa na ndara ni hesabu nyingine: mji huu ndio uliounda Flipflopi, jahazi la mita tisa lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar, kwa mikono ya mafundi wetu. Nendeni mkaulize wanapokea plastiki ya aina gani, na kwa masharti gani. Msikusanye magunia kabla ya kujua nani anayachukua, la sivyo mtakuwa mmehamisha jaa kutoka mtaroni kulipeleka uani kwa mamako.

Tuje kwa yule aliyekuuliza mnakula nini. Alikuvunjia heshima kusema mbele za watu, lakini swali lake ni la haki na ulipaswa kulitarajia. Wewe ukitoka kazini Jumamosi unarudi nyumbani kwenye mahamri ya moto. Yeye huenda ameacha kibarua cha bandarini cha siku nzima, na anarudi mikono mitupu kwa mke au kwa mama. Kujitolea maana yake hulipwi kwa kazi. Haina maana kwamba utoe na ya mfukoni. Chai na kitafunio cha asubuhi, glavu, sabuni, nauli ya boti kwa anayetoka Manda au Mokowe, hayo yatoke kwenye mfuko wa kikundi, yaandikwe, na kila mtu ajue ndiyo hayo na hakuna zaidi. Na kazi iishe saa tatu kamili asubuhi. Ukimwambia mtu saa tatu, akitoka saa tano, Jumamosi ijayo hutamwona, na usimlaumu.

Mfuko hauna fedha? Hapo tunarudi kwa dola za mgeni. Usimwite mwizi. Itisheni kikao, ana kwa ana, WhatsApp isihusike, muweke kanuni ya siku zijazo: chochote kinachotolewa tukiwa kazini ni cha kikundi, kinatajwa siku hiyo hiyo mbele ya wote na kinaandikwa daftarini na watu wawili. Kisha msimamie hapo. Akiwa na haya atazileta zile, asipokuwa nazo mmeshajua mtu huyo asiwe mweka hazina. Kuzidai kwa nguvu kutawavunja kwa pesa ambazo hata hamjui ni ngapi. Na fedha za kikundi zisikae kwenye M-Pesa ya mtu mmoja, hata mtu huyo akiwa wewe. Hasa akiwa wewe.

Hilo la mfuko linataka kikundi kiwe na sura. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, na usajili hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Wanane hamtoshi, lakini mkisema wazi kuwa orodha inafungwa, wawili watapatikana kati ya wale wa WhatsApp. Itabidi mwe na katiba. Iwe fupi. Ndani yake muweke kifungu kwamba kikundi hakimpigii debe mgombea yeyote, na muamue pia uongozi unabadilishwa lini. Unasema ukiacha hakuna atakayeendelea. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili, na nasikia uchungu ndani yake, lakini nasikia na kaujiko kidogo pia. Nani ana ufunguo wa ghala la vifaa? Nani anapiga simu Ijumaa usiku? Ukinijibu ni wewe kote kuwili, hujawapa nafasi ya kuendelea. Binamu yako amekuwepo tangu siku ya kwanza na barua nzima hukumtaja tena. Mpe ufunguo.

Haya, fulana. Usizichukue. Uchaguzi ni Agosti 2027. Mkizivaa leo, kila nyumba ya wafuasi wa mpinzani wake imeshafungwa, na mimi nimekutuma ukaingie jikoni. Akishinda, mtakuwa vijana wake kama alivyosema, na siku mtakapomuuliza bajeti ya taka atawakumbusha biriani. Akishindwa, mtabaki na sura yake vifuani na aliyeshinda hatawasikiliza miaka mitano. Elfu thelathini ukiigawa kwa watu kumi ni elfu tatu tatu, haimalizi hata mwezi.

Lakini usimkatae kwa dharau. Ni mtu wa mji, mtakutana msibani na harusini. Nendeni wawili au watatu, umwambie: "Mzee, tunashukuru. Toroli tutazipokea zikiwa hazina jina wala picha, tutazipokea hadharani tuziandike, na wenzako wanaokitaka kiti hicho tutawaambia hivyo hivyo. Fulana na pesa tunaomba utusamehe." Kisha umkaribishe Jumamosi aje na fagio lake. Akija, vizuri, mpeni mtaro. Asipokuja, wenzako wataona wenyewe bila wewe kuhubiri.

Kabla ya kwenda kwake, hata hivyo, jambo hilo lipite kikaoni na lipigiwe kura. Huenda ukashindwa. Ukishindwa, una njia mbili za heshima: ubaki uheshimu uamuzi wa wengi, au utoke uwaage vizuri uendelee na zile nyumba zako. Kubaki huku unawanunia ni kuwaharibia wao na kujiharibia wewe.

Kuhusu mamako, mwanangu, mamako hajakosea. Ana binti mwenye cheti anayekaanga mahamri naye, mwaka wa pili, na Jumamosi yote binti hayupo. Mwambie saa: alfajiri nakaanga na wewe, natoka, saa tatu nimerudi. Na uitimize. Siku nyingine za wiki tafuta kazi kwa bidii ile ile unayotafutia mafagio. Hicho kikundi nacho kina faida hapo, useme ukweli huo bila haya: mtu aliyeandaa bajeti ndogo, akasuluhisha ugomvi wa fedha, akazungumza na ofisi za serikali, ana la kumweleza mwajiri zaidi ya miezi michache ya kutandika vitanda Shela. Yaandike kwenye wasifu wako wa kazi kwa maneno yanayoeleweka.

Ami yako usibishane naye. Mtumie. Punda aliyekufa alikuwa wake, hasara aliipata yeye, na wenye punda wenzake watamsikiliza kuliko watakavyokusikiliza wewe. Mwombe awe ndiye anayezungumza nao habari za kuchukua maganda majumbani. Akishakuwa na sehemu yake katika jambo hili, maneno ya barazani atayajibu yeye mwenyewe. Na hao waliokuja kuulizia wakarudi nyuma kwa sababu ya fagio, kama walikuja kweli, walipiwe nauli ya boti waende salama.

Kuna moja hukuniuliza nami sitalala nisipolisema. Mnaokota taka kwenye mitaro kwa mikono, na katika mitaro ya mji wetu siku hizi mna sindano. Hakuna mtu kugusa sindano kwa mkono, hata mwenye glavu. Iokotwe kwa koleo, itiwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, ipelekwe zahanati wakawaelekeze. Nepi zisishikwe mikono mitupu. Kila mmoja wenu aulize hospitali kuhusu chanjo ya pepopunda. Na mpaka glavu zinunuliwe, Jumamosi hii msitoke.

Somo